Jicho la bibi limefanyiwa upasuaji salama, kazi iliyobaki ni ya nyumbani

Bibi anashuka kwenye bajaji akiwa na kifuniko cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta juu ya jicho la kulia. Jana amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, leo asubuhi bandeji imefunguliwa hospitalini na amehesabu vidole vya daktari bila kukosea. Mkononi ana mfuko wa kaki wenye chupa mbili ndogo za dawa ya matone, kadi ya kliniki na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne. Wajukuu wanamzunguka, kila mmoja anataka kujua kama sura yake inaonekana.

Ni tukio linalojirudia katika nyumba nyingi, na furaha yake ina haki. Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza kusababisha upofu duniani, na upasuaji wake ni miongoni mwa ule unaorudisha maisha ya mtu haraka kuliko mwingine wowote. Lenzi ya asili iliyopata ukungu inatolewa, lenzi ya plastiki inawekwa mahali pake, na mzee aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni anaanza kuchambua mchele mwenyewe.

Ila daktari amemaliza sehemu yake. Kwa wiki kadhaa zinazofuata, jicho hilo liko mikononi mwa familia, na hasa mikononi mwa yule atakayeshika chupa ya matone. Mara nyingi ni binti wa nyumbani, mkwe au mjukuu wa darasa la saba.

Kinachoogopwa ni maambukizi ndani ya jicho. Hayatokei mara nyingi. Katika hospitali zinazofuata taratibu vizuri, humpata takribani mgonjwa mmoja au pungufu katika kila 1,000. Yakitokea, yanaweza kuondoa uwezo wa kuona ndani ya siku chache, na yakicheleweshwa sana jicho lenyewe huweza kuondolewa. Sababu ni maumbile ya jicho. Sehemu yake ya ndani imejaa ute mzito usio na mishipa ya damu, hivyo askari wa mwili huchelewa kufika, na bakteria wanazaliana humo kama walioalikwa. Nyuma ya ute huo kuna retina, utando unaopokea picha. Retina ikishaharibiwa haioti upya.

Wadudu wanatoka wapi?

Watu wengi wakisikia maambukizi baada ya upasuaji hufikiria vifaa vichafu au chumba kisichosafishwa. Hilo linaweza kutokea, na ndiyo maana hospitali zina mashine za kuchemshia vifaa kwa mvuke. Lakini mara nyingi zaidi bakteria wanaokutwa ndani ya jicho lililoambukizwa ni wale wale wanaoishi kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Siku zote wako pale na hawana madhara, hadi wapate mlango wa kuingilia.

Mlango huo ni kidonda cha upasuaji. Siku hizi ni kidogo sana, milimita chache tu, na mara nyingi hakishonwi. Kimetengenezwa kama mfuniko unaojibana wenyewe kwa msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho. Mgonjwa akilisugua jicho au akililalia, msukumo huo unabadilika, mfuniko unaachia kidogo na machozi ya nje yanavutwa kuingia, pamoja na chochote kilichomo. Bibi akielezwa hivyo anaelewa kwa nini anakatazwa kujifikicha, tofauti na kuambiwa tu kwamba daktari amekataza.

Kwa sababu hiyo kinga huanza kabla ya siku ya upasuaji. Mgonjwa mwenye tongotongo nyingi, kope zilizovimba au zenye magamba, chekea, au jicho linalotoa machozi muda wote anatakiwa kusema mapema, kwani mfereji wa machozi ulioziba huweza kuwa hifadhi ya usaha. Daktari akiona dalili hizo anaweza kuahirisha. Familia zilizochanga nauli na kulala kwenye mabenchi huchukizwa na uamuzi huo, na hasira yao inaeleweka. Hata hivyo kupasua jicho lenye kope chafu ni kumfungulia mwizi mlango ukijua yuko barazani. Mwenye kisukari naye anapaswa kufika sukari ikiwa imedhibitiwa, kwa kuwa mwili wake hupambana na vijidudu kwa shida zaidi. Asubuhi ya siku yenyewe uso unaoshwa vizuri kwa sabuni, na wanja, poda na kope za bandia vinabaki nyumbani.

Maji ya kahawia yaliyopita Kikuyu

Wagonjwa wengi hushtuka wanapofika mezani na kumwagiwa jichoni maji ya rangi ya kahawia. Ni dawa ya iodini, ndugu wa ile ya kusafishia vidonda, iliyopunguzwa makali hadi kiwango ambacho jicho linaweza kustahimili. Huachwa kwa dakika kadhaa ili iue bakteria wa kwenye kope na utando wa jicho. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991 ulionyesha kuwa inapunguza maambukizi baada ya upasuaji, na leo ndiyo kinga ya kwanza katika vyumba vya upasuaji wa macho duniani kote. Bei yake ni ndogo, na bakteria hawajaonyesha kuizoea kama wanavyozoea antibayotiki.

Dawa hii ina historia pia Afrika Mashariki. Madaktari wawili wa Los Angeles walioitafiti kwa miaka mingi, Sherwin Isenberg na Leonard Apt, waliijaribu nchini Kenya kwa watoto wachanga, katika hospitali ya Kikuyu. Matokeo yao ya mwaka 1995, yaliyohusu watoto 3,117, yalionyesha kuwa tone la iodini baada ya kuzaliwa huzuia maambukizi ya macho ya watoto wachanga vizuri kuliko dawa mbili zilizokuwa zikitumika wakati huo. Mama aliyejifungua na bibi aliyepasuliwa jicho wanaweza kuwa wamelindwa na dawa ile ile.

Kinga ya pili ni kiasi kidogo cha antibayotiki kinachoingizwa ndani ya jicho kwa sindano mwishoni mwa upasuaji. Utafiti mkubwa wa nchi tisa za Ulaya, ambao matokeo yake kamili yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kuwa wagonjwa wasiopewa sindano hiyo walikuwa katika hatari karibu mara tano zaidi. Kusini mwa India, hospitali za Aravind zilifuatilia macho zaidi ya 600,000 na kuripoti mwaka 2017 kwamba maambukizi yalishuka kutoka saba hadi mawili katika kila macho 10,000. Familia ina haki ya kuuliza kwa adabu kama hospitali yao hutoa sindano hiyo. Daktari mzuri hachukizwi na swali.

Chupa ya matone, mikono ya nani?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, na si kwa ubaya. Mtoto anaitwa kutoka kukatakata vitunguu, anafuta mikono kwenye khanga, anamwinamia bibi na kubonyeza chupa. Matone mawili yanaangukia shavuni, la tatu linaingia baada ya mdomo wa chupa kugusa kope. Kisha mfuniko unatafutwa, unaokotwa chini ya kitanda, unapulizwa vumbi na kurudishwa.

Mdomo wa chupa ukigusa kope, ngozi au kidole, bakteria wanapanda juu yake na kuingia kwenye dawa. Kuanzia hapo kila tone linaweza kuwa linapeleka wadudu kwenye kidonda. Matone machafu si jambo la kufikirika. Mwaka 2023 Marekani ilipata mlipuko wa maambukizi uliohusishwa na matone ya kulainisha macho yaliyochafuliwa na bakteria. Mamlaka za afya za huko ziliorodhesha wagonjwa 81 katika majimbo 18. Kumi na wanne walipoteza uwezo wa kuona, wanne waliondolewa jicho na wanne walifariki dunia. Kule uchafu ulihusishwa na kiwanda, lakini jikoni na chumbani unaweza kuingia kwa njia fupi zaidi.

Namna iliyo sahihi haihitaji elimu kubwa. Anayeweka dawa ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha anaikausha kwa kitambaa safi au kuiacha ikauke yenyewe. Bibi anakaa akiegemeza kichwa nyuma au analala chali, anatazama juu. Kope ya chini inavutwa taratibu, kidole kikiwa kwenye mfupa wa shavu na si juu ya jicho. Tone moja linadondoshwa kwenye kijifuko kinachojitokeza, chupa ikiwa juu kidogo bila kugusa chochote. Bibi anafumba jicho polepole kwa dakika moja au mbili bila kulikaza. Tone moja linatosha. Jicho halina nafasi ya la pili, litamwagika tu. Kama dawa ni mbili, inasubiriwa kama dakika tano kabla ya kuweka nyingine, la sivyo ya pili inaisukuma nje ya kwanza.

Ratiba nayo huvurugika. Karatasi nyingi za maelekezo bado zinaandikwa kwa vifupisho vya kitabibu ambavyo hata mwenye shahada hukwama kuvisoma, na hilo si kosa la bibi. Kabla ya kuondoka hospitalini, muuguzi aombwe ayataje maelekezo kwa Kiswahili, na mmoja wa familia aandike saa za kila chupa kwa kalamu nene. Karatasi hiyo ikibandikwa ukutani karibu na kitanda, kila tone likawekewa alama, hakuna atakayebishana jioni kama la mchana liliwekwa.

Dawa haikatizwi kwa sababu jicho limekuwa jeupe. Chupa moja kwa kawaida ni antibayotiki, nyingine ni ya kutuliza uvimbe, na hii ya pili mara nyingi ina steroidi ambayo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa ratiba ya daktari. Ni hiyo hiyo isiyotakiwa kukopeshwa jirani mwenye jicho jekundu. Steroidi ikiwekwa kwenye jicho lenye kidonda cha fangasi au virusi huwapa wadudu nafasi ya kuchimba, na ikitumika muda mrefu bila uangalizi hupandisha presha ya jicho.

Maji, moshi na dawa za jirani

Kwa wiki za mwanzo, maji ya bomba, ya kisima na ya ndoo hayatakiwi kuingia kwenye jicho hilo. Bibi anaoga kuanzia shingoni kwenda chini, na nywele zinaoshwa akiwa ameinamisha kichwa nyuma, mwingine akimsaidia. Kope zikishikana asubuhi, zinapanguswa kwa pamba au kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kutoka pembe ya puani kuelekea nje, kila mpanguso na pamba yake. Kuogelea baharini au ziwani kunasubiri ruhusa ya daktari.

Kwa Waislamu, swali la udhu huja siku ile ile ya kwanza. Wapo wazee wanaoona haya kumuuliza daktari, wakaendelea kunawa uso kwa maji ya ndoo mara tano kwa siku. Dini imemwekea nafasi mgonjwa aliyekatazwa maji, kutayamamu ikiwa mojawapo, na sheikh wa msikiti wa mtaani anaweza kumweleza kwa lugha anayoikubali. Suala la kuinama kwenye sujudu liulizwe hospitalini, kwani jibu linategemea aina ya upasuaji.

Usiku kifuniko cha plastiki kinarudi juu ya jicho, kwa sababu mtu aliyelala hajui mkono wake unakwenda wapi. Kinaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kila siku, na bibi analalia ubavu wa pili. Mchana miwani ya jua inamkinga na vumbi la barabarani. Jiko la kuni amwachie mwingine, pamoja na kupepeta, kufagia uwanja na kwenda shamba. Kumkalisha mama wa Kiafrika wiki kadhaa bila kazi ni mtihani mkubwa kuliko upasuaji wenyewe, na familia zinazofaulu ni zile zinazompa kazi nyingine, kama kusikiliza hesabu za mjukuu.

Kuna pia wageni wenye nia njema. Mmoja analeta asali, mwingine anashauri maziwa ya mama anayenyonyesha, wa tatu ana majani yaliyomsaidia shemeji yake. Tafiti zilizofanywa Tanzania na Malawi na kuchapishwa mwaka 1994 zilihusisha dawa za asili za kuweka jichoni na vidonda vibaya vya kioo cha jicho. Kwenye jicho lenye kidonda kibichi cha upasuaji hakuna kitu kinachoingia isipokuwa kilichotoka hospitalini. Mgeni ashukuriwe, asali iliwe na mkate.

Mgonjwa akiwa mtoto

Mtoto wa jicho huwapata watoto pia, wengine huzaliwa nao, na mzazi huweza kugundua kwa weupe katikati ya mboni. Baada ya upasuaji, hatari ni zile zile, ila mgonjwa huyu hajui kueleza, anafikicha na anacheza mchangani. Wazazi wengine humvisha soksi mikononi wakati wa kulala. Matone yana mbinu yake: mtoto analazwa chali, tone linawekwa kwenye pembe ya jicho karibu na pua hata akiwa amefumba, na akifumbua lenyewe linaingia. Kumshika watu watatu na kumlazimisha kunaleta kilio, na kilio kinaosha dawa yote.

Kwa mtoto mdogo dalili ni tabia. Jana alikuwa akifumbua jicho na kufuatilia mwanga, leo analifumba kabisa, anageukia ukutani, anakataa kunyonya au kope imevimba. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Jana na leo

Jicho lililotoka kupasuliwa huwa jekundu kidogo, huwasha, hutoa machozi na kuhisi kama lina mchanga. Hayo ni ya kawaida kwa siku chache. Kipimo rahisi kwa familia ni kulinganisha jana na leo: kila siku jicho linatakiwa kuwa na nafuu kuliko siku iliyotangulia. Likigeuza njia, yaani maumivu yakaongezeka, wekundu ukazidi, kope ikavimba, usaha ukatoka, au ukungu ukarudi kwa mtu aliyekuwa ameanza kuona, hiyo ni dharura.

Mara nyingi dalili hizo hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1995 kuhusu wagonjwa waliopata maambukizi haya, nusu yao walikuwa wamefika hospitali ndani ya takribani siku sita baada ya upasuaji. Karibu wote walilalamika kwamba hawaoni vizuri, lakini takribani robo hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa hiyo kumuuliza bibi kama jicho linauma hakutoshi. Kila asubuhi afumbe jicho la pili kwa kiganja bila kubonyeza, aulizwe anaona nini: saa ya ukutani, idadi ya vidole, rangi ya shuka.

Anayeuliza inabidi awe mjanja, kwani wazee wengi huficha. Bibi anajua nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ni kiasi gani, anajua mwanawe ameomba ruhusa kazini mara mbili mwezi huu, na kadi inaonyesha kliniki ni Jumatatu ijayo. Anasema ni kuwasha tu, anavumilia. Usiku ule anaovumilia ndio bakteria wanaouhitaji.

Wengine hukimbilia duka la dawa na kurudi na chupa nyingine au vidonge. Matone ya nje hayafiki ndani kwa kiwango cha kuua bakteria waliokwisha kuingia kwenye ule ute, na vidonge navyo kwa kiasi kikubwa vinazuiwa na kuta za jicho. Tiba yake ni antibayotiki inayochomwa moja kwa moja ndani ya jicho na mtaalamu, na kwa walio na hali mbaya, upasuaji wa kuondoa ute wenye usaha. Kituo kisicho na daktari wa macho kinachoweza kusaidia zaidi ni kuandika rufaa haraka na kupiga simu mbele. Namba ya hospitali iliyompasua, pamoja na mahali pa kwenda usiku na Jumapili, iandikwe kwenye karatasi ile ile ya ukutani kabla haijahitajika.

Waliopasuliwa kwa ajili ya presha ya jicho wana tahadhari ya ziada. Upasuaji wa aina hiyo unaoacha kijifuko cha maji chini ya kope ya juu huacha pia uwezekano wa maambukizi hata miaka mingi baadaye. Jicho lao likiwa jekundu na kuuma, lihesabiwe kuwa dharura hata kama upasuaji umeshasahaulika.

Familia nyingi huuliza kwa nini macho yote mawili yasipasuliwe siku moja ili kuokoa nauli. Madaktari wengi huacha nafasi ya wiki kadhaa kwa sababu ya jambo hili hili: maambukizi yakitokea, yasiyakute macho yote mawili kwa pamoja. Zamu ya jicho la pili ikifika, bibi atapewa chupa mpya. Zile za kwanza, hata zikiwa zimebaki nusu, zinatupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, mahali ambapo mjukuu hawezi kuziokota.